Kurukwa si Kufaulu

Mzee ameshuka kutoka Mbololo na redio yake ndogo, ile ya kuchomekwa memori kadi, inayoimba shambani kutwa nzima bila kuomba mtandao. Kadi yake ya zamani ya GB 8 imeharibika. Amenunua nyingine ya GB 64, akaambiwa itabeba nyimbo za maisha yake yote, lakini redio haiisomi. Sasa amesimama kwenye kibanda cha fundi wa simu mjini Voi. Kijana anaichomeka kadi kwenye kompyuta, anafungua kidirisha cha kufomati, anashuka kwenye orodha, kisha anasita.

“Mzee, FAT32 haimo hapa.”

“Haimo vipi, na ile ya zamani uliifanya wewe mwenyewe?”

“Ile ilikuwa ndogo. Hii ni kubwa, kompyuta inanipa exFAT na NTFS tu. Na redio yako haizijui hizo.”

Mazungumzo ya namna hii husikika katika vibanda vingi vya Kenya, na mwenye redio huondoka akiamini kwamba kadi kubwa haziwezi kufomatiwa kwa FAT32. Sivyo. Kwa diski yenye sekta za kawaida za baiti 512, FAT32 inaweza kufika TB 2. Mpaka wa GB 32 uliwekwa na chombo cha kufomati cha Windows chenyewe. Dave Plummer, aliyekuwa mhandisi wa Microsoft na aliyeandika kidirisha kile katikati ya miaka ya 1990, amesimulia hadharani kwamba ni yeye aliyeichagua namba hiyo, wakati GB 32 ilikuwa ukubwa wa ndoto. Chaguo lake la siku moja liliishi karibu miaka 30. Agosti 2024 Microsoft ilitangaza toleo la majaribio la Windows 11 lililopandisha mpaka huo hadi TB 2, na hata hapo ilikuwa kwa anayeandika amri kwa mkono, si kwa anayebofya kidirisha.

Fundi wa Voi ana bahati moja: ana macho. Ameona kwamba chaguo halipo, amesita, amesema. Lakini katika ulimwengu wa programu, kazi hiyohiyo ya kufomati hufanywa maelfu ya mara kila usiku na kompyuta zinazojipima zenyewe, bila mtu kutazama. Zikikuta chaguo halipo, zifanye nini? Swali hilo linaonekana dogo. Jibu lake ndilo linaloamua kama ripoti ya asubuhi inasema kweli au inatufurahisha tu.

Mpimaji na sajili yake

Tuanze na kufomati kwenyewe. Diski mpya ni kama ardhi isiyopimwa. Mpimaji akija hajengi nyumba: anaweka mawe ya mipaka, anagawa ploti, anaacha njia, kisha anafungua sajili itakayosema ploti ipi ni ya nani. Ploti za diski huitwa bloku, au klasta kwa lugha ya FAT. Sajili ndiyo hukumbuka majina ya faili, tarehe zake na ploti zilizochukuliwa. Utaratibu mzima, ploti pamoja na sajili na kanuni zake, ndio mfumo wa faili. FAT32 ni mmoja, ext4 ni mwingine, XFS ni mwingine.

Kila mfumo una mpimaji wake. Katika mfumo wa kompyuta uitwao Linux, mpimaji wa XFS huitwa mkfs.xfs, wa FAT huitwa mkfs.fat, wa ext4 huitwa mke2fs. Na kila mpimaji hupokea maelekezo: ploti ziwe kubwa kiasi gani, shamba lipewe jina gani, sajili iwe na nafasi ya majina mangapi. Maelekezo hayo ndiyo machaguo. Si wapimaji wote wanaoyajua maelekezo yote, na hata mpimaji mmoja hujifunza mapya toleo hadi toleo.

Sasa jaribio. Mfumo wa faili ukikosea, hukosea na mali ya watu: picha za harusi, vitabu vya hesabu vya chama, matokeo ya mitihani. Stima ikikatika faili likiwa linaandikwa, sajili lazima ibaki na maana. Hilo haliwezi kuachwa kwa imani, kwa hiyo watengenezaji huandika majaribio: programu ndogondogo zinazofomati diski, kuijaza, kuizima ghafla kama stima iliyopotea, kuiwasha tena na kukagua kilichosalia.

Mkusanyo mashuhuri zaidi wa majaribio hayo kwa Linux huitwa fstests, au kwa jina lake la zamani, xfstests. Ulizaliwa Silicon Graphics, kampuni ya Marekani iliyoanza kuujenga XFS mwaka 1993 na kuutoa mwaka uliofuata pamoja na mfumo wake wa IRIX. XFS uliingizwa katika kiini kikuu cha Linux, yaani programu yake ya msingi, mwaka 2002, na majaribio yakasafiri nao. Leo mkusanyo huohuo unapima pia ext4, Btrfs na F2FS, mfumo ulioanzia Samsung mwaka 2012. Simu nyingi za Android huhifadhi data za mwenye simu kwa ext4 au F2FS. Kwa hiyo hata asiyewahi kusikia neno Linux huko Tausa au Mraru anabeba mfukoni kitu kilichopita mikononi mwa majaribio haya.

Ufundi wake ni rahisi kuelewa. Kompyuta ya majaribio hupewa maeneo mawili ya diski. Moja hubaki na kuzeeka, likitumiwa jaribio baada ya jaribio bila kufutwa, ili lipate makovu ya matumizi ya kweli. La pili ni la kuchezea: kila jaribio linaruhusiwa kulifomati upya linavyotaka. Kisha kila jaribio lina faili la kielelezo, yaani maneno yanayotarajiwa kutokea kwenye skrini kazi ikienda sawa. Jaribio likimaliza, maneno yaliyotokea hulinganishwa na kielelezo, mstari kwa mstari. Yakilingana, limefaulu. Yakitofautiana, hata kwa neno moja, limeanguka.

Na kuna matokeo ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha makala hii: halikufanyika. Fikiria mkaguzi wa matatu ambaye siku hiyo hana mashine ya kupimia breki. Mkaguzi mwaminifu haandiki kwamba breki ni nzima, wala haandiki kwamba ni mbovu. Anaandika kwamba breki hazikukaguliwa, na sababu yake. Katika fstests jaribio linaweza kufanya hivyohivyo: linajiondoa, linaacha sentensi moja ya sababu, na ripoti inalitaja katika orodha ya peke yake. Abiria mwenye busara atataka kuisoma orodha hiyo kabla ya kupanda.

Njia nne za kukosa

Tunaposema chombo cha kufomati hakina chaguo, tunataja mambo manne tofauti. Kila moja linataka dawa yake.

La kwanza ni kukataa kwa sauti. XFS wa zamani ulihesabu tarehe kwa namna inayofika kikomo Januari 2038. Linux 5.10, iliyotoka Desemba 2020, ilileta mpango mpya uitwao bigtime, unaosogeza kikomo hadi mwaka 2486. Jaribio linalotaka kuunda faili lenye tarehe ya 2040 linapaswa kufomati kwa bigtime. Mkfs.xfs ya zamani hailijui neno hilo. Italalamika, itatoa maelezo ya matumizi, na itarudisha namba ya kushindwa.

Hili ndilo kosa lenye heshima, kwa sababu chombo kimesema. Tatizo huanza jaribio lisiposikiliza. Likiendelea kana kwamba kufomati kumefanyika, litafanya kazi juu ya chochote kilichokuwa kwenye diski tangu jaribio lililopita. Tarehe ya 2040 itakataliwa, maneno hayatalingana na kielelezo, na ripoti itasema XFS umeanguka. Mhandisi atapoteza siku mbili akitafuta mdudu ndani ya kiini, ilhali mdudu hayupo. Mfumo wa faili umehukumiwa kwa kosa la mpimaji.

La pili ni kukubali na kupuuza, na ndilo baya kuliko yote. BusyBox ni programu moja ndogo inayobeba amri nyingi za Linux, na imo katika ruta na kompyuta nyingi ndogo ambazo hazina nafasi ya kubeba vyombo vikubwa. Ina mkfs.vfat yake, yaani mpimaji wake wa FAT. Hiyo hutengeneza FAT32 peke yake. Lakini ili isizivunje skripti zilizoandikwa kwa ajili ya chombo kikubwa, inazipokea herufi nyingi ambazo dada yake mkubwa anazijua, kisha haizifanyii kazi. Ukiiagiza -F 16, yaani FAT16, inaitikia, inatengeneza FAT32, na inarudisha sifuri, namba ya salama. Ukiiagiza ukubwa fulani wa klasta kwa -s, hali ni hiyohiyo. Msimbo wake wenyewe hauna siri: kando ya machaguo hayo pameandikwa wazi kwamba yanapuuzwa.

Tazama jaribio linavyodanganyika hapo. Limeagiza FAT16, limeambiwa sawa, limeandika na kusoma faili kwenye FAT32, limefaulu. Ripoti inasema FAT16 ni nzima. Hakuna FAT16 iliyowahi kuguswa.

La tatu ni herufi ileile yenye maana nyingine. Katika mkfs.fat, -n ni jina: mkfs.fat -n MBOLOLO inaipa diski jina la MBOLOLO. Katika mke2fs, -n ni agizo la kutofanya kitu: chombo kinahesabu, kinaonyesha kingefanya nini, na hakigusi diski hata kidogo. Vivyo hivyo -F: kwa mkfs.fat ni aina ya FAT, kwa mke2fs ni kulazimisha. Anayehamisha jaribio kutoka FAT kwenda ext4 kwa kubadilisha jina la amri tu anaweza kuishia na chombo kinachomaliza kwa amani bila kufomati chochote.

Hata jina lenyewe lina mipaka. FAT hukubali jina la herufi 11, XFS herufi 12, ext4 herufi 16. Andika TAITATAVETA, inaingia kote. Weka kistari, TAITA-TAVETA, na tayari FAT imezidiwa kwa herufi moja. Mwandishi wa jaribio aliyelijaribu jina hilo kwenye XFS hatakuwa na sababu ya kushuku, mpaka siku litakapohamishwa.

La nne ni chombo kinachojua lakini kinakataa kwa kanuni. Mwaka 2022, toleo la 5.19 la vyombo vya XFS lilianza kukataa kufomati diski ndogo kuliko MB 300, kwa sababu XFS kwenye diski ndogo hivyo hufanya kazi vibaya na watengenezaji hawakutaka kuendelea kuubeba mzigo huo. Kwa mtumiaji wa kawaida, uamuzi mwema. Lakini majaribio mengi yalikuwa yanategemea diski ndogo makusudi. Ukitaka kujua mfumo unafanya nini nafasi ikiisha kabisa, hutaki kusubiri TB 1 ijae. Unataka MB 100 ijae kwa sekunde chache.

Watengenezaji wa XFS wangeweza kuwaambia waandishi wa majaribio wajitafutie. Hawakufanya hivyo. Mkfs.xfs ilipewa njia ya kutambua kwamba inaitwa ndani ya fstests: ikizikuta alama tatu ambazo mkusanyo huo huweka katika mazingira yake, inalegeza kanuni. Sheria ya mpaka ilibaki kwa umma, na lango likaachwa kwa wapimaji, likiwa na jina na likijulikana na pande zote mbili.

Uliza chombo, usiulize umri wake

Dawa ya kwanza ambayo wengi huikimbilia ni namba ya toleo: kama mkfs.xfs ni ya kabla ya toleo fulani, ruka jaribio. Inavutia kwa urahisi wake, na inakosea mara nyingi. Kampuni zinazosambaza Linux hurudisha mabadiliko mapya ndani ya matoleo ya zamani, kwa hiyo chombo chenye namba ndogo kinaweza kuwa na chaguo. Wengine hukijenga chombo kipya wakiwa wamezima sehemu fulani, kwa hiyo chenye namba kubwa kinaweza kulikosa. Umri wa fundi haukuambii kama anajua kuchomelea.

Njia bora ni kumpa kazi kidogo na kumtazama. Mkfs.xfs ina -N, inayofanya hesabu zote bila kuandika kwenye diski. Mke2fs ina ile -n tuliyoiona, ambayo mahali hapa inageuka kuwa rafiki. Jaribio linaweza kuuliza mwanzoni kabisa: ukipewa chaguo hili, utakubali? Likikataliwa, linajiondoa kwa heshima na kuacha sababu. Ndivyo fstests inavyofanya: ina rundo la kazi ndogo za kuuliza, kila moja ikiwa na swali moja tu, na jaribio huita zile linazozihitaji kabla ya kuanza. Anayelisoma jaribio huona juu kabisa orodha ya masharti yake, kama orodha ya vifaa kwenye mlango wa maabara ya shule.

Lakini kuuliza hakutoshi kwa chombo kinachoitikia kila kitu. Kwa BusyBox, jibu la ndiyo halina thamani. Hapo jaribio lazima likague kazi baada ya kazi: lisome diski iliyofomatiwa na kujionea kilichomo.

Na ukaguzi una hila zake pia. Diski ya FAT hubeba mwanzoni neno linalotaja aina yake, na wengi hulisoma neno hilo wakaridhika. Maelezo rasmi ya Microsoft yanasema neno hilo si kigezo. Aina ya FAT huamuliwa na hesabu ya klasta peke yake: zikiwa chini ya 4,085 ni FAT12, kutoka hapo hadi 65,524 ni FAT16, kuanzia 65,525 ni FAT32. Jaribio la kweli huzihesabu klasta. Halisomi kibandiko.

Kanuni hiyo hiyo inageuka kuwa msaada. Tuseme chombo chako hakina chaguo la aina ya FAT, lakini kinakubali kuambiwa ukubwa wa klasta, na kinaiheshimu hesabu. Chukua diski ya MB 16. Kwa klasta za baiti 512 utapata klasta zaidi kidogo ya 32,000, ambayo ni FAT16 kwa mujibu wa hesabu. Kwa klasta za KB 8 utapata takribani 2,000, nayo ni FAT12. Chaguo halikuwepo, lakini lengo limefikiwa kupitia mlango mwingine, kwa sababu mwandishi alijua chaguo lile lilikuwa linafanya nini ndani yake.

Hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Chaguo ni njia. Jaribio lina lengo. Anayeandika “fomati kwa ukubwa wa MB 200” anapaswa kujiuliza: nataka nini hasa? Nataka diski inayojaa haraka. Basi kama mpimaji hajui kupima sehemu ya shamba, mletee shamba dogo. Linux inaruhusu faili la kawaida la MB 200 litumike kana kwamba ni diski. Mpimaji atalipima lote, na lote ni MB 200. Kuna hata mfumo usio na mpimaji kabisa: tmpfs, unaoishi ndani ya kumbukumbu ya kompyuta na hauna cha kufomati. Fstests haikukata tamaa nao. Jaribio linapotaka tmpfs ya ukubwa fulani, ukubwa huo hutajwa wakati wa kuuunganisha badala ya wakati wa kufomati. Ombi ni lilelile, mahali pa kuliweka ndipo palipobadilika.

Kuna urekebishaji mwingine unaohitaji tahadhari. Mara nyingi mwenye kompyuta huweka machaguo yake ya jumla, kwa mfano bloku za KB 1 kwa majaribio yote, kisha jaribio moja linaongeza chaguo lake na mawili hayo yanagombana. Fstests, ikikutana na ugomvi huo, hujaribu tena kwa kutumia machaguo ya jaribio peke yake, na huacha maandishi ya kueleza kilichotokea. Jaribio linaendelea. Vizuri, lakini mwenye kompyuta alitaka kujua hali ya bloku za KB 1, na jaribio hili limepita kwa ukubwa wa kawaida. Ukiyasoma matokeo bila kuyasoma yale maandishi, utajivunia kitu usichokipima.

Msitu usiku

Kwa nini msomaji wa Voi ashughulike na haya? Kwa sababu hatumii tena kompyuta za mezani peke yake, na memori kadi hufika hata msituni. Panda Mbololo hadi msituni, kwenye masalio ya misitu ya mawingu ya Milima ya Taita, anakoishi ndege ambaye wanasayansi humwita Turdus helleri na ambaye hapatikani nje ya milima hii. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, wenye kituo chao Wundanyi, wamewachunguza perere na komba wadogo wa milima hii kwa kuzirekodi sauti zao usiku. Vinasa sauti vya kazi hiyo hufungwa mtini vikaachwa, na kumbukumbu yote hukaa katika memori kadi.

Sasa fikiria unaandaa kadi 40 za namna hiyo, na umeandika skripti ya kuzifomati na kuzipima kabla hazijapanda mlima. FAT32 haikubali faili linalofika GB 4: kikomo ni baiti moja pungufu ya hapo. Kadi zinazozidi GB 32 hutoka kiwandani zikiwa na exFAT, ambayo kinasa cha zamani huenda kisiijue. Na mkfs.exfat zenyewe zipo za koo mbili zenye jina lilelile: ile ya zamani inataka ukubwa wa klasta kama idadi ya sekta kwa -s, ile mpya, iliyotoka 2020, inataka ukubwa wenyewe kwa -c. Skripti iliyoandikwa kwa moja ikipelekwa kwenye kompyuta yenye nyingine, ama italalamika ama itafanya lisilokusudiwa. Hitilafu ikionekana mezani, ni dakika tano za kurekebisha. Ikionekana baada ya wiki tatu za msituni, usiku wa wiki hizo umekwenda, na perere hawarudii kelele zao kwa ajili yetu.

Kwa hiyo skripti ya kadi 40 isiishie kwa “kufomati kumefaulu”. Isome kadi upya: aina yake kwa hesabu, jina lake, ukubwa wa klasta. Iandike faili kubwa na ilisome. Na mwisho itoe hesabu tatu, si mbili: zilizofaulu, zilizoanguka, na zisizopimwa pamoja na sababu. Ripoti isemayo 37, 0 na 3 ina manufaa kuliko isemayo 40 na 0, ikiwa zile tatu hazikupimwa kwa kweli.

Basi la Mraru

Kuruka jaribio kwa uaminifu kuna hatari yake: kunazoeleka. Wiki ya kwanza orodha ya yasiyofanyika ina majaribio matatu, na kila mtu anajua sababu. Baada ya mwaka yapo 60, na hakuna anayeisoma. Chombo kimoja kimekosa chaguo, kingine hakikusakinishwa, jaribio jingine linaruka kwa sababu ya herufi iliyokosewa katika swali lake lenyewe, na rangi ya ripoti ni kijani kibichi siku zote. Timu makini huihesabu orodha hiyo kama inavyoyahesabu makosa. Idadi ikipanda bila maelezo, huulizana.

Na kuna wakati ambapo dawa ya kweli si kuzunguka. Katika miaka ya 1970, wanawake wa Mraru walikuwa na shida ya usafiri: basi la kuwapeleka soko la Voi lilifika kwao likiwa limejaa. Wangeweza kuendelea kurekebisha safari, kuamka mapema zaidi, kutembea, kupunguza mizigo. Walichanga pesa kupitia kikundi chao wakanunua basi lao wenyewe, na kisa chao kikasomwa mbali sana na Taita. Kila walipokosa nafasi, walijifunza kitu kuhusu njia ile. Siku moja wakaacha kuzunguka.

Nasi tunaweza kuacha kuzunguka, kwa sababu vyombo vingi vya kufomati tulivyovitaja ni vya msimbo huria. Mkfs.xfs, mke2fs, mkfs.fat na BusyBox vyote vinaweza kusomwa na yeyote, na vyote hupokea mabadiliko kutoka kwa wageni. Jaribio linaloruka kila usiku kwa sababu ya chaguo moja limekwisha kuandika barua ya maombi kwa niaba yako: linajua chaguo gani linakosekana, linahitajika kwa nini, na litajuaje kwamba limeongezwa vizuri. Kinachobaki ni mtu wa kukaa na kuliandika chaguo hilo. Na siku chaguo litakapoingia, jaribio lililokuwa likijiondoa litaamka lenyewe, mradi liliuliza chombo na si umri wake.

Turudi kibandani. Kijana hakumrudisha mzee mikono mitupu. Ametoa flashi yenye Linux, amewasha kompyuta kwayo, ameandika mkfs.fat -F 32 na njia ya kadi. Chombo kimemaliza kimya, bila kulalamika. Mzee ameanza kufungua pochi.

“Subiri kwanza, mzee. Nipe redio.”

Ananakili nyimbo mbili, anachomoa kadi, anaichomeka kwenye redio, anabonyeza. Wimbo wa kwanza unalia. Anaruka hadi wa pili, nao unalia. Ndipo anapopokea pesa. Kisha anakata kipande cha selotepu, anakibandika kwenye kasha la kadi na kuandika kwa kalamu ya wino: GB 64, FAT32, imefanywa kwa Linux. Fundi mwingine atakayeletewa kadi hii, naye akikuta kidirisha chake hakina chaguo, atajua pa kuanzia.